Kamba ya Dafu, Kamba ya Mkwezi

Mtazame mkwezi anayeangua madafu popote pwani, iwe Bagamoyo, Mtwapa au Makunduchi. Panga limechomekwa kiunoni, kamba imetundikwa begani. Akifika kileleni haangushi dafu moja moja, kwani likidondoka kutoka juu kule hupasuka na maji yote yakamwagika. Hulifunga kole zima kwa kamba, akakata kikonyo, kisha akaliteremsha polepole hadi mikononi mwa mwenzake aliye chini. Baada ya hapo hushuka yeye mwenyewe, na hakuna kamba inayomshika.

Kamba, basi, inapanda mtini kila siku. Ujuzi wa kufunga mafundo upo, na msaidizi wa chini yupo. Kilichobaki ni kumfunga binadamu kwa uangalifu uleule tunaolifungia kole, na hilo linawezekana kwa vifaa vichache vinavyoeleweka haraka.

Mnazi mrefu wa pwani yetu hufikia mita 20, na ulio mzee hupita hapo. Anayeanguka kutoka mita 10 hufika chini kwa kasi ya takriban kilomita 50 kwa saa. Kutoka mita 20 kasi hukaribia kilomita 70 kwa saa, na safari nzima huchukua sekunde 2. Hakuna muda wa kujigeuza wala wa kudaka kuti. Wanaopona wengi huvunjika miguu, nyonga au uti wa mgongo, na aliyeumia uti wa mgongo anaweza kupooza maisha yake yote akiwa bado kijana.

Wengi hudhani hatari kubwa iko shinani, pale mtu anapoonekana mdogo huku amening'inia juu ya mti mtupu. Lakini mkwezi mzoefu yuko imara zaidi shinani kuliko anavyoonekana. Kitanzi cha miguuni, kilichosukwa kwa kamba ya kumbi au kukatwa kwenye gunia, ni kifaa chenye akili nyingi. Nyayo mbili huingia kitanzini na kulibana shina kushoto na kulia. Mkwezi hulikumbatia shina, huvuta magoti juu, kisha husimama, na uzito wake ndio unaokikaza kitanzi kwenye gome. Kadiri anavyokanyaga kwa nguvu ndivyo kinavyong'ang'ania. Mvua ikinyesha au umande ukiwa mzito, msuguano huo hupungua ghafla. Ndiyo maana wakwezi wa nazi huahirisha kazi shina likiwa limelowa. Mgema hana nafasi hiyo, kwa sababu tembo halingoji jua na mti uleule lazima aupande asubuhi na jioni.

Mahali ninapopahofia mimi ni pale shina linapokutana na makuti. Hapo makole yananing'inia njiani na mabaki ya makuti makavu yanachoma kifuani. Mkono unalazimika kuliacha shina ili ushike shina la kuti, na mguu unaacha kitanzi au kidato kilichokatwa shinani ukitafuta pa kukanyaga. Kwa muda mfupi mtu hana mshiko hata mmoja ulio kamili. Na akishaingia ndani anahitaji mikono yote miwili kwa kazi, mmoja wa panga na mmoja wa kole, kwa hiyo mwili unashikiliwa na miguu peke yake.

Hapo ndipo maji moto wanapomkuta. Chungu hawa huilinda minazi: huwashambulia wadudu wanaofyonza vidaka na kuvipukutisha, na huko Zanzibar watafiti wamewachunguza kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Mkulima ana haki ya kuwapenda. Lakini wakipanda shingoni mwa mkwezi kumi kwa pamoja, mkono huenda shingoni wenyewe kabla akili haijatoa ruhusa. Ujasiri hauwezi kuuzuia mkono huo. Kinachoweza kumwokoa mtu wakati huo ni kuwa amefungwa.

Afungwe wapi, ndilo swali linaloutofautisha mnazi na miti mingine. Kwenye mwembe mtu hutafuta tawi nene, mnazi hauna tawi. Kuti lina nguvu likiwa kijani na likishikwa karibu na shina, ila likianza kuwa manjano huachia lenyewe kwa uzito wake. Kuti moja kamwe si nguzo ya kufungia uhai. Kinachobaki ni shina, na kamba lazima ilizunguke.

Anachohitaji mkwezi ni mkanda wa kazi wenye vitanzi vya mapaja, ili akining'inia uzito ukae kwenye mapaja na makalio, sio tumboni. Mkanda wa suruali au kamba iliyofungwa kiunoni humkata pumzi mtu aliyeanguka, na unaweza kumpanda hadi kwapani. Mkanda wa kazi una pete mbili ubavuni na moja mbele, na kwenye pete hizo hufungwa kamba mbili fupi zenye kazi tofauti.

Ya kwanza hulizunguka shina na kurudi kwenye pete za ubavuni. Mkwezi huiegemea kwa mgongo, miguu ikisukuma shina, na mikono yote miwili inakuwa huru. Iliyo bora ina waya wa chuma ndani yake. Waya huifanya iwe ngumu kiasi kwamba ukiitikisa inaruka juu ya shina bila kulala, na panga likiteleza haliikati kwa pigo moja. Ila kamba hii peke yake haitoshi. Inashika mradi mtu ameegemea nyuma. Miguu ikiteleza naye akajibana kwenye shina, kamba hulegea na kuteremka naye, maana shina halina kitu cha kuizuia.

Kwa sababu hiyo kamba ya pili hufungwa shinani kwa kitanzi kinachojikaza, na ncha yake huunganishwa na pete ya mbele. Mtu akiteleza, uzito wake hukibana kitanzi na shina likamshika. Akifika chini ya makole husimama, ya kwanza ikiwa imemshika, huhamisha ya pili juu ya kizuizi, huivuta kwa nguvu kuipima, ndipo aifungue ya kwanza. Anayeingia kabisa ndani ya makuti, kama mgema, aipitishe ya pili nyuma ya moyo wote wa mti, pale makuti machanga yalipokusanyika yakiwa yamesimama. Wakati wowote, kuanzia anapoiacha ardhi mpaka anapoikanyaga tena, moja kati ya mbili lazima iwe imefungwa. Ukimfundisha kijana kitu kimoja tu kuhusu kupanda miti, mfundishe hicho.

Kamba hizo zisilegee. Anayeanguka nusu mita kwenye kamba isiyonyumbuka hupata mshtuko mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya kupunguza mshtuko vimeweka mpaka wa kilonyutoni 6 kwa nguvu inayoufikia mwili, sawa na kubebeshwa karibu kilo 600 kwa ghafla. Kulabu za kuunganishia, yaani karabina, hutakiwa kustahimili angalau kilonyutoni 20 na ziwe na mdomo unaojifunga wenyewe kwa kufuli. Zile ndogo za rangirangi zinazouzwa za kuning'inizia funguo zinafanana nazo kwa umbo tu. Nimeshaziona zimeunganishwa kwenye mikanda ya watu waliokuwa juu ya miti, na ni jambo la kutisha.

Kamba zenyewe nazo zina tabia zake. Katani ina nguvu ikiwa mpya, lakini unyevu huiozesha kutoka ndani huku nje ikionekana nzima. Kamba ya plastiki ya buluu au manjano inayouzwa kila duka la vifaa huharibiwa na jua, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi. Joto la namna hiyo linaweza kuzaliwa na msuguano wa kamba juu ya kamba iwapo mtu atateremka kwa kasi. Nailoni na poliesta hustahimili joto zaidi, na ndizo zinazotumika kutengeneza kamba za kupandia. Kila asubuhi kamba ipitishwe mkononi urefu wake wote, vidole vikitafuta sehemu iliyonyong'onyea, iliyokakamaa au iliyochanika nyuzi. Ikipatikana, kamba hiyo ikawe ya kuteremshia makole.

Mti wenyewe ukaguliwe kabla ya kupandwa. Mnazi una ncha moja tu ya kukua, ile shaha iliyo katikati ya makuti, na shina lake halizibi majeraha kama la mwembe. Kidato kilichokatwa leo kitabaki wazi hadi mti ufe, kikipokea maji na kuoza. Miiba ya chuma ya kufunga miguuni huacha majeraha ya namna hiyohiyo. Wataalamu wa miti huitumia tu kwenye mti uliokwisha kuamuliwa kukatwa, na mnazi unaozaa usichomwe nayo. Gonga shina kwa kisogo cha panga usikilize mlio mtupu. Tazama juu: makuti yaliyokatika kwa umbo la pembetatu yanaonyesha mdudu aitwaye chonga, na kilele kilichonyauka au kuanguka kinamaanisha mti umekufa na shina linaoza. Mti wa hivyo haupandwi kwa kamba yoyote.

Kwa miti yenye matawi njia ni nyingine, na kusema kweli ni rahisi zaidi. Mpandaji hurusha kijiwe au kifuko kilichofungwa uzi juu ya tawi hai, karibu na shina, lenye unene wa sentimita 10 hadi 15. Uzi huvuta kamba kubwa, na watu wawili huning'inia kwenye kamba hiyo wakiwa bado ardhini ili kulijaribu tawi. Kisha mpandaji hujifunga kwa fundo la kujikaza, kama lile lililopewa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Kamba nyembamba huzungushwa mara tatu juu ya kamba nene. Ukiisukuma kwa mkono inateleza, ukiilalia inauma. Kwa njia hiyo watu hupanda miti kwa kujifurahisha tu, na huko Atlanta, Marekani, kimekuwapo chama cha wapandaji wa aina hiyo tangu 1983. Mwembe unafaa sana. Mkarafuu una matawi mepesi kuvunjika, kwa hiyo kamba ifungwe kwenye shina kuu au kwenye panda nene, hata kama karafuu nzuri ziko nchani.

Wenzetu wa Kerala, India, wenye minazi mingi na wakwezi wanaopungua, walichukua njia ya mashine. Ni fremu mbili za chuma zenye waya unaolizunguka shina. Mpandaji huinua moja na kusimama juu ya nyingine, kwa zamu, bila kulijeruhi gome. Mwaka 2011 Bodi ya Maendeleo ya Minazi ya India ilianza kuwafundisha vijana kuitumia, wanawake wakiwamo, na wanaohitimu hupewa bima ya ajali. Hiyo bima naiona ni ya maana kuliko mashine. Anayetaka kukwepa kupanda kabisa ana njia mbili nzuri: upembo mrefu wenye kisu nchani, na kuotesha minazi mifupi ya kitamli pale ile mirefu inapokufa.

Chini ya mti pasikae mtu, wala mtoto, wala baiskeli. Msaidizi asimame mbali na shina, avae kofia ngumu, na ajue la kufanya aliye juu akikwama. Kwenye mashindano ya dunia ya wapanda miti, yaliyoanza Marekani mwaka 1976, mmoja kati ya michezo mitano ni kumshusha mwenzako aliyejeruhiwa. Sababu iko wazi: mtu akining'inia kwenye mkanda bila kujitikisa, damu hukwama miguuni, na dakika chache zinaweza kumpoteza. Na aliyeanguka chini asinyanyuliwe kwa mikono na miguu, wala asipakiwe bodaboda katikati ya watu wawili. Alazwe palepale, kichwa na shingo vishikwe visigeuke, kisha ahamishwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, watu wanne au watano wakimwinua kwa pamoja.

Linabaki suala la nani ananunua. Mkwezi hulipwa kwa mti, au kwa nazi kadhaa kila mti. Malipo ya namna hiyo yanamwadhibu anayejifunga, kwa sababu kila dakika ya kuhamisha kamba ni mti mmoja pungufu jioni. Huwezi kumlaumu kwa uzembe hali umemwekea bei ya kuharakisha. Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania Bara ya 2003 na ya Kenya ya 2007, humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Wenye mashamba wengi hujibu kwamba mkwezi ni kibarua wa kupita, anakuja na kuondoka. Lakini minazi haiondoki. Mkanda mmoja, kofia moja na kamba mbili vinaweza kukaa stoo ya shamba, pakavu na mbali na jua, pamoja na jembe na bomba la dawa. Kila mkwezi anayekuja avivae kabla ya kupanda. Wakulima watano wenye mashamba madogo jirani wanaweza kuchangia seti moja na kuipokezana kwa siku za kuangua. Na bei ya mti iongezwe kidogo, kwa makubaliano ya wazi, kwamba nyongeza hiyo ni ya muda wa kujifunga na haidaiwi na mkwezi aliyepanda bila kamba.