Chapati ya kilo 204 na saa moja ya dola 800

Ukifika Wandegeya jioni, wakati wanafunzi wa Makerere wametoka madarasani na tumbo linadai chake, utakuta watu wamezunguka sigiri. Kijana anapasua mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anakatakatia kabeji, kitunguu na nyanya, anakoroga kwa uma hadi kikombe kinalia, kisha anamwaga kwenye kikaango. "Ssebo, pilipili?" Kabla hujajibu, chapati imeshalazwa juu ya yai, imegeuzwa, imeviringishwa na kufungwa kwenye karatasi. Hiyo ndiyo rolex. Jina limezaliwa kwenye Kiingereza cha mayai yaliyoviringishwa, wala halihusiani na saa ya mkononi, ingawa hakuna muuzaji anayelalamika akifananishwa nayo.

Mwaka 2021, mrusha video Raymond Kahuma na wenzake zaidi ya 60 walipika rolex moja ya kilo 204.6. Iliingia mayai 1,200, ikakaa motoni na mikononi kwa zaidi ya saa 14, na Guinness wakaiandika kuwa kubwa kuliko zote duniani. Mshindani kutoka nchi nyingine hakuwepo, ni kweli. Rekodi ni rekodi.

Naanza na chapati makusudi. Mwekezaji akiletwa Kampala kuelezwa habari za utalii, hupewa orodha ya vya kwanza, vya juu na vikubwa kuliko vyote, na orodha yenyewe si ya uongo. Mimi kila rekodi huiuliza swali la dukani: hapa analipwa nani? Nimekuja kugundua kuwa majibu hayafuati ukubwa hata kidogo.

Saa ghali kuliko zote

Chukua gorila wa milimani. Hifadhi ya Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, ina eneo la kilomita za mraba 330 hivi tu. Sensa ya mwaka 2018 iliwakuta humo na katika msitu jirani wa Sarambwe, upande wa Kongo, gorila 459. Dunia nzima walihesabiwa 1,063. Utalii wa gorila ulianzia Buhoma mwaka 1993, na tangu Julai 2020 kibali cha mgeni kutoka nje ni dola 800. Hiyo haihesabu chakula, malazi wala usafiri. Ni ada ya kukaa na familia moja ya gorila kwa saa moja, kwa umbali wa mita 10, watu 8 kwa siku, basi. Saa ikiisha askari wa wanyamapori anaangalia mkono wake na mnaondoka, hata kama mtoto wa gorila ndiyo kwanza ameanza kubingirika.

Piga hesabu: dola 6,400 kwa saa, kwa familia moja. Sijui duka Kampala linaloingiza hivyo kwa saa likiwa na wateja 8. Wanyarwanda wao wanatoza dola 1,500 tangu 2017, na wageni bado wanapanda mlima. Siri ya biashara hii ni kwamba bidhaa haiwezi kuongezwa haraka. Kuizoesha familia ya gorila kuona watu huchukua miaka miwili au zaidi ya kuifuata kila siku msituni, na ikizoea, idadi ya wageni haipandi. Anayetaka kupanua hapa hapanui gorila, anapanua usiku wa pili na wa tatu: kitanda, kahawa, matembezi ya kijijini. Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa mifugo aliyetumia maisha yake kwa gorila hawa, alianzisha kampuni inayonunua kahawa ya wakulima wanaopakana na Bwindi na kuiuza kwa jina la gorila. Hiyo ni akili ya mfanyabiashara anayejua kuwa jirani mwenye njaa ni hatari kuliko jangili wa mbali.

Na kweli ni hatari. Juni 2020, hifadhi zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona na vijiji havina mgeni, Rafiki, dume aliyeongoza familia ya Nkuringo yenye gorila 17, alichomwa mkuki akafa. Muuaji alihukumiwa miaka 11. Kisheria, asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi hurudi kwa wanaopakana nayo. Lakini mlango ukifungwa, asilimia 20 ya sifuri ni sifuri. Wabatwa waliotolewa ndani ya msitu huo ulipofanywa hifadhi mwaka 1991 waliujua mlango uliofungwa kabla ya korona.

Umati mkubwa kuliko wote hauna hoteli

Sasa toka katikati ya jiji, shika njia ya mashariki hadi Namugongo. Hapa ndipo Juni 3, 1886, Wakristo vijana wa ikulu walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu mwaka 1964, na Waanglikana nao wana mashahidi wao 23. Mwaka 1969 Paulo VI alikuja Kampala akawa papa wa kwanza kuitembelea Afrika akiwa madarakani. Wakaja Yohane Paulo II mwaka 1993 na Fransisko mwaka 2015. Basilika lenyewe, lenye umbo la kibanda cha Kiganda, limeegemea nguzo 22.

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Mei, barabara zote zinazoingia Kampala hujaa watu wanaotembea kwa miguu. Wapo wanaotoka magharibi ya nchi, wapo Wakenya waliovuka Busia na Malaba, wapo Watanzania. Wengine wametembea wiki mbili na zaidi, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba kwa sababu miguu imevimba. Watu hutajwa kwa mamilioni. Wiki hiyo Kiswahili husikika Kampala bila kumshtua mtu, jambo si dogo katika mji ambao wazee bado wanakikumbuka kama lugha ya askari aliyekuja kupekua nyumba.

Analipwa nani? Mama anayeuza madumu matupu ya kuchotea maji ya ziwa la pale kanisani. Mwenye boda boda. Muuza mikeka, muuza rozari, anayekodisha choo chake kwa kila mtu aingiaye. Hujaji hulala uwanjani chini ya turubai, au tuseme halali, hukaa macho akiimba. Hoteli za nyota tano zipo upande wa pili wa mji, na yeye hana habari nazo.

Mtu wa Lamu angecheka. Kwao, Maulidi yakikaribia, kila nyumba huwa na wageni kwenye baraza na darini, na mji mdogo humeza watu bila kujenga hata ghorofa moja. Kampala ina umati wa utalii ambao hauhitaji kutangazwa London wala Berlin, unaokuja kila mwaka tarehe ileile, na bado sijaona mtu aliyeufikiria kwa uzito: bweni safi la bei ya hujaji, bafu, mahali pa kuacha mzigo, basi la kurudi nyumbani. Kila mtu anachora hoteli ya vioo.

Hoteli za vioo nazo zina siku zao. Munyonyo, kando ya ziwa, ilipata jina kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola mwaka 2007, na Januari 2024 ikapokea wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote, umoja wa nchi 120. Kwa siku chache kila kitanda cha maana Kampala kilikuwa na mtu. Kisha wajumbe wakaruka.

Mwaka uliovunja rekodi, na kilicho ndani ya hesabu

Mwaka uliopokea wageni wengi kabla ya korona ulikuwa 2019: watu 1,542,620. Mwaka uliofuata wakaporomoka hadi 473,085. Kufikia 2024 walikuwa wamerudi 1,371,895, wakaacha dola bilioni 1.28. Ni namba nzuri, lakini mwekezaji asizinywe kama maji. Wengi wa hao wametoka Rwanda, Kenya na majirani wengine. Mmoja amekuja kwenye harusi, mwingine amekuja kununua mali Kikuubo, mwingine amekuja kumwona shangazi. Kambi ya kifahari porini inayojengwa kwa kumhesabu mgeni wa namna hii itapiga miayo. Gesti nzuri karibu na stendi ya mabasi haitapiga.

Simba aliyeogelea mbali kuliko wenzake

Februari 2024, kamera ya droni inayoona joto usiku iliwanasa simba wawili ndugu, Jacob na Tibu, wakivuka mkondo wa Kazinga katika hifadhi ya Queen Elizabeth. Waliogelea kama kilomita moja na nusu, umbali mrefu kuliko wowote uliowahi kurekodiwa kwa simba, katika maji yenye viboko na mamba. Walikuwa wamejaribu mara kadhaa na kurudi. Jacob ana miguu mitatu. Wa nne aliupoteza kwenye mtego wa majangili.

Video ikazunguka dunia. Sababu ya kuogelea haikuzunguka sana: watafiti wanaona majike wamepungua upande wao, kwa sumu na mitego, na daraja la karibu lina watu. Ni rekodi iliyowekwa na shida.

Vingine kwa haraka

Kilele cha Margherita, Rwenzori: mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika, na kina barafu inayopungua huku tukiangalia. Murchison ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote nchini. Nile yote hubanwa pale katika mwanya wa mita 7 hivi, na ndani ya hifadhi hiyohiyo mitambo ya mafuta ya TotalEnergies inachimba. Mgahinga ndiyo ndogo kuliko zote, kilomita za mraba 34 hivi, nayo ina gorila. Makumbusho ya Uganda, ya mwaka 1908, ndiyo ya zamani kuliko zote Afrika Mashariki. Mwaka 2011 ulitangazwa mpango wa kusimika mnara wa ghorofa 60 mahali pake, watu wakaenda mahakamani, na makumbusho yapo hadi leo.

Iliyosubiriwa kuliko zote ni nyumba ya makaburi ya makabaka, Kasubi. Iliungua Machi 2010 na UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini hadi 2023. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye peke yake, kwa nyasi zinazokubalika na kwa miiko yake. Mkandarasi mwenye haraka hana mahali pale.

Jinja ndiko mtaji ulikozama kwa maana halisi. Waliowekeza katika boti za mpira kwenye mikondo mikali ya Nile waliona bwawa la Bujagali likifunika baadhi ya mikondo mwaka 2012. Wakahamia chini zaidi mtoni. Mwaka 2019 bwawa la Isimba likafunika mingine.

Ndege mwenye bahati mbaya

Nimeacha Mabamba mwisho, kinamasi karibu na Entebbe, kwa sababu hakina rekodi yoyote. Kina ndege mmoja, bbulwe kwa Kiganda, mrefu, wa kijivu, mdomo kama kiatu cha mtu mzima. Anakula kamongo, na wavuvi wa kamongo waliamini kwamba ukimwona asubuhi, siku hiyo hupati samaki. Walikuwa wakimuua.

Siku hizi wageni wanavuka bahari kuja kumwona yeye tu. Mvuvi huyohuyo anasukuma mtumbwi kati ya mafunjo, anatazama mbele, na akimwona amesimama kimya kwenye maji, anaweka kasia chini taratibu na kuwaambia wageni wasiongee.