Je, Wajua? Mkuu wa kaya si lazima awe baba

Karani wa sensa akibisha hodi Tanzania, humwulizia mkuu wa kaya, si mwenye nyumba. Kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja, kwa hiyo nyumba moja ya kupanga, vyumba sita, yaweza kuwa na kaya sita, kila moja na sufuria yake barazani. Mkuu ni yule ambaye wenzake wanamtambua hivyo: mama, bibi, hata kijana anayelea wadogo zake. Na mume mwenye wake wawili? Katika Sensa ya 2022 alihesabiwa mara moja tu, pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Swali la wapi alilala huenda lilizua maneno kwenye baadhi ya nyumba.