Jicho Moja Halitoshi Kuamua Kuotea

Tarehe 20 Novemba 2022, katika uwanja wa Al Bayt nchini Qatar, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia haikuwa imetimiza dakika tano Enner Valencia wa Ecuador alipopachika mpira wavuni kwa kichwa. Goli likakataliwa: mguu wa mwenzake, Michael Estrada, ulikuwa umeotea. Watazamaji wengi walishangaa, maana beki wa Qatar alionekana wazi yuko karibu zaidi na lango. Lakini kipa alikuwa ametoka, na beki mmoja peke yake hamhalalishi mshambuliaji.

Mguu huo ulipimwaje? Fumba jicho moja, kisha jaribu kutunga uzi kwenye sindano. Utaupeleka mara mbele ya tundu, mara nyuma yake. Kamera moja ina taabu hiyohiyo. Inaonyesha kushoto na kulia, juu na chini, ila umbali haiujui: goti inaloliona linaweza kuwa popote kwenye mstari unaotoka kwenye lenzi kwenda uwanjani. Kamera ya pili, ikilitazama goti lilelile kwa wakati uleule kutoka pembe nyingine, inaleta mstari wake. Mistari hiyo inapokutana ndipo goti lilipo.

Qatar zilitumika kamera 12 zilizofungwa chini ya paa, zikifuatilia hadi nukta 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde. Ni nyingi, lakini piga hesabu: mchezaji anayekimbia mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 20 kati ya picha moja na inayofuata. Beki akija upande wa pili kwa kasi ileile, pengo hubadilika kwa sentimita 40. Ndiyo maana ndani ya mpira kiliwekwa kihisio kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, ili wakati hasa wa kuguswa kwa mpira ujulikane. Na kiungo kikizibwa na mwili wa mwingine, kompyuta hulazimika kukadiria.

Kwa hiyo ule mchoro laini unaoletwa kwenye skrini baada ya uamuzi si picha iliyopigwa. Ni jibu la hesabu, na kila kipimo kina upungufu wake. Mimi naiamini teknolojia hii kuliko jicho la mshika kibendera anayekimbia huku akitazama pande mbili. Ila goli linapofutwa kwa ncha ya kiatu, wasimamizi wa soka watuonyeshe pia, palepale kwenye mchoro, kipimo chao kinaweza kukosea kwa sentimita ngapi.