Sarafu Hailipi Deni

Mwaka 1940, majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Denmark, John Kerrich, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Afrika Kusini, alikuwa ziarani nchini humo. Akawekwa kizuizini. Humo kizuizini, yeye na mwenziwe walirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Katika mara 100 za mwanzo, kichwa kilitokea mara 44. Zilipotimia 10,000, kilikuwa kimetokea mara 5,067.

Leo kompyuta ya shule huimaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua. Hata hivyo, mwalimu mwenye busara haanzi na mashine. Kwanza kila mwanafunzi huandika anachokitazamia, kisha hurusha sarafu kwa mkono wake mwenyewe mara 20. Ndipo programu huiga urushaji huo mara maelfu, na mstari wa mchoro hujongea nusu mbele ya macho yao.

Fundisho limo katika hesabu za Kerrich. Mwanzoni vichwa vilipungua nusu kwa 6. Mwishowe viliizidi kwa 67. Tofauti imekua, lakini 67 katika 10,000 haifikii hata moja katika mia. Sarafu haikulipa deni lolote. Wingi ndio uliolimeza.

Kijana aliyeelewa hayo hadanganyiki na mcheza kamari adaiye kwamba, baada ya kushindwa mara tano, zamu yake ya kushinda imewadia.

Nyumbani pasipo kompyuta, sarafu moja, daftari na penseli vyatosha kuanzia.