Je, Wajua? Rubani wa Kwenye Kompyuta Naye Hufa

Katika Red Baron, mchezo wa kompyuta wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia uliotengenezwa na kampuni ya Dynamix ya Marekani mwaka 1990, rubani wako akijeruhiwa hulazwa hospitalini huku vita vikiendelea. Akiuawa, utumishi wake umekwisha.

Huko si kutia chumvi. Manfred von Richthofen, rubani halisi wa Ujerumani aliyepewa jina la utani ambalo mchezo huo unalibeba, alipigwa risasi kichwani Julai 6, 1917. Akapoteza uwezo wa kuona kwa muda, hata hivyo akaishusha ndege, na baada ya wiki chache akarudi angani. Aprili 21, 1918 risasi moja ilimpenya kifuani, akafa. Nao marubani wa Uingereza, waliokuwa wakipigana na Wajerumani, walipigana bila parachuti.

Ukicheza, acha kifo cha rubani wako kibaki kifo.