Picha ya Bandari Aliyoitaka Mnunuzi

Zamani za matanga, nahodha wa Kizungu aliyefika Canton, bandari ya Uchina, hakurudi kwao na chai, hariri na kaure peke yake. Alirudi pia na picha ya bandari yenyewe. Wachoraji wa Kichina waliichora kwa rangi za mafuta, kwa mtindo wa Ulaya, ili iuzike. Tangu 1757 hadi 1842 wafanyabiashara wa Ulaya hawakuruhusiwa bandari nyingine ya Uchina ila hiyo, na humo wakawekwa katika safu ya maghala kando ya mto. Basi picha karibu zote ni zile zile: maghala, bendera za mataifa, mashua mtoni. Mji wenyewe na watu wake umefichika nyuma ya mapaa. Mnunuzi hakuuagiza! Maghala yaliungua 1822, yakateketea tena 1856; picha zimebaki.

Sisi Mombasa je? Mji wetu ulichapwa mapema, mwaka 1572 huko Cologne, katika kitabu cha miji cha Braun na Hogenberg, ukurasa mmoja na Aden, Kilwa na Sofala. Waliokinunua wengi hawakutarajia kuja huku. Na ndani ya Ngome, Fort Jesus, mna ukuta ambao Wareno wa karne ya 17 waliuchora merikebu kwa makaa na udongo mwekundu. Hao hawakumuuzia mtu. Nadhani walikuwa na kiu ya kwao.

Lakini msomaji ukiniuliza ni picha gani tuliyoiagiza wenyewe, nitakupeleka Biashara Street, kwenye leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye “Mali ya Abdulla”, lahesabu umri wake tangu 1887. Leso zilichapwa Ulaya, India na Japani, na mafundi wasiopata kumwona bibi wa Mji wa Kale. Nakshi na majina yalitoka huku. Ni mambo ya Canton yale yale, fundi yuko mbali na mnunuzi ndiye aamuaye, ila safari hii mnunuzi ni mamangu na mamako. Leso wasiyoipenda hulala dukani, na wenye maduka walijua hilo kuliko mimi.

Picha za Canton ziko ndani ya vioo katika makumbusho ya ng’ambo. Leso za bibi zetu ziliishia kuwa mbeleko, kisha matambara ya kushikia sufuria. Mimi ninayo moja tu, ya marehemu mama, nayo imetoboka upande wa jina.