Je, Wajua? Uduvi wa Ziwa Ndani ya Kioo

Je, wajua kwamba Ziwa Victoria lote, na eneo lake la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina aina moja tu ya uduvi? Wanasayansi humwita Caridina nilotica. Wavuvi wa Mbita, Sindo, Sori na Muhuru Bay, upande wa Kenya, humwita ochonga, na humpata kwenye nyavu za omena (dagaa) bila hata kumtafuta.

Je, wajua kwamba katika jenasi hiyohiyo ya Caridina wamo uduvi wa mistari myekundu na myeupe ambao wafugaji wa Japani, Ujerumani na Marekani huwanunua mmoja mmoja? Aliyewafanya wajulikane ni Mjapani Hisayasu Suzuki, aliyewachagua na kuwazalisha kwa subira miaka ya 1990. Huku kwetu ndugu yao huanikwa ufuoni, hupimwa kwa gorogoro na kuishia kwenye chakula cha kuku. Soko hilo ni halali na linalisha watu wengi. Ila limetuzoesha kumwona ochonga akiwa mkavu tu, na ochonga mkavu hakuonyeshi lolote.

Mtazame akiwa hai kwenye bilauri ya maji safi. Urefu wake ni kama sentimita mbili, mwili ni mwangavu kiasi kwamba chakula alichokula unakiona kikishuka, na macho meusi yamekaa juu ya vijiti. Mikono ya mbele ni midogo na haina makali ya kubana. Nchani ina vishungi vya nywele. Anavifungua juu ya jani, anapangusa, anavikunja, anavipeleka mdomoni, kulia kisha kushoto, bila kupumzika. Anachokula ni utando wa bakteria na mwani ambao macho yetu hayauoni.

Kutokana na hilo, tangi jipya linalong'aa kwa usafi ni jangwa kwake. Wengi wanaoanza kufuga uduvi huwapoteza kwa sababu hiyo tu: walisafisha mno, wakawaingiza mapema mno.

Je, wajua kwamba tangi la kutosha linaweza kutengenezwa na fundi wa vioo yeyote mjini Migori au Homa Bay? Mwombe vioo vya milimita tano, urefu sentimita 40, upana 25, kimo 25. Hiyo ni lita 25, yaani kilo 25 za maji kabla hujaongeza mchanga, kwa hiyo meza iwe imara. Gundi iwe silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo huua. Silikoni ya kawaida hunuka siki inapokauka. Usitie maji mpaka harufu hiyo iishe kabisa. Tangi dogo kuliko lita 20 linawezekana, lakini maji machache hubadilika haraka, na anayeanza hahitaji mtihani huo.

Je, wajua kwamba damu ya uduvi ina rangi ya buluu? Yetu hubeba oksijeni kwa chuma. Yake hubeba kwa shaba. Ajabu ni kwamba shaba hiyohiyo ikizidi kidogo tu ndani ya maji humuua. Dawa nyingi za kutibu samaki wa mapambo zina shaba, hivyo soma kibandiko kabla hujamimina chochote.

Kwa mtu wa Migori jambo hili liko karibu zaidi kuliko anavyodhani. Mgodi wa Macalder, kule Nyatike, ulichimbwa shaba pamoja na dhahabu, na mabaki yake yangali pale. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa eneo hilo nao wamekuwa wakitumia zebaki kukamatia chembe. Mchanga wa tangi usiuchote kwenye vijito vilivyo chini ya machimbo. Tafuta mchanga wa mto ulio mbali na migodi na mashamba yenye mbolea, uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe, kisha utandaze kwa kimo cha vidole vitatu.

Je, wajua kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake? Ndiyo maana maji ya ziwa ni mepesi, yenye chokaa kidogo. Ochonga amezoea hali hiyo, lakini ndani ya kioo chokaa huisha kwa sababu kila uduvi huihitaji kujenga gamba. Kipande cha ganda la yai lililochemshwa, kikiachwa pembeni mwa tangi, huyeyuka polepole na kurudisha kinachopungua.

Maji ya mvua pia yanafaa, isipokuwa yale yaliyopita juu ya mabati mapya: bati hupakwa zinki, na zinki ni adui mwingine. Maji ya bomba yana klorini. Yaache wazi kwenye beseni siku nzima na usiku wake. Maji ya kunywa yaliyotiwa dawa nyumbani yana klorini vilevile, tena yataua bakteria unaowahitaji. Na maji ya Simbi Nyaima, lile ziwa la kreta karibu na Kendu Bay, yasikupitie hata akilini: yana magadi makali, na uduvi hamalizi hata siku.

Sasa sikiliza hili la chandarua, maana nalitilia mkazo. Migori na Homa Bay ni nchi ya malaria, na karibu kila nyumba ina chandarua chenye dawa. Kikichakaa, watu hukitumia kuanikia omena, kuzungushia miche, hata kuchotea vidagaa. Usikifunike juu ya tangi, wala usishone nacho wavu wa kuchotea uduvi. Dawa iliyomo ni ya jamii ya pairethroidi, iliyobuniwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, zao ambalo Kenya iliongoza dunia kwa kulizalisha kwa miongo mingi. Mbu na uduvi wote ni wenye viungo na magamba ya nje, na kinachomwangusha mmoja humwangusha mwenzake. Siku ya kupuliziwa dawa ya ukutani, ondoa tangi ndani ya nyumba kabisa. Dawa ya kunyunyiza ya kopo, na ule moshi wa mbu wa usiku, visitumike chumba kimoja nalo. Na sukuma wiki unayotaka kuwaonjesha iwe ya bustani isiyopuliziwa, ichemshwe kidogo ilainike, na kinachobaki kitolewe baada ya saa chache.

Mimea je? Upo mmea wa ziwani uitwao Ceratophyllum demersum, wa kijani kilichoiva, wenye vijani vyembamba kama manyoya ya mkia wa paka. Hauna mizizi hata kidogo. Hula kwa mwili wake wote, moja kwa moja kutoka majini, na amonia ni chakula unachokipenda. Wafugaji duniani kote huutegemea, nao uko hapahapa kwenye maji yasiyo na kina kirefu ya Ghuba ya Winam.

Lakini kuuchukua kuna hatari ambayo mtu wa Mbita anaijua: kichocho. Konokono wa jamii ya Biomphalaria, wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo, hupenda kujibanza kwenye mimea kama hii. Usiingie majini peku kuivuna. Tumia mtumbwi na fimbo yenye ndoano, vaa glavu, kata ncha za juu tu. Suuza kwenye ndoo kadhaa, kisha geuza kila tawi utafute vidonge vya ute: hivyo ni mayai ya konokono. Vikwangue uvitoe, uvikaushe juani, na konokono vilevile. Halafu acha mmea peke yake kwenye ndoo ya maji safi kwa wiki mbili, ukiangalia nani ameanguliwa.

Vimelea vya kichocho vikishatoka kwa konokono na visimpate mtu, hufa ndani ya siku mbili hivi. Kwa hiyo maji ya ziwa yaliyochujwa kwa kitambaa na kukaa siku tatu bila konokono ni salama kuguswa. Konokono mgonjwa akibaki ndani, hesabu hiyo haifanyi kazi, kwani ataendelea kuvitoa kila siku. Njia nyepesi zaidi ni kupata kitawi kutoka kwa mtu ambaye tangi lake lina mwaka na halina konokono.

Je, wajua kwamba gugu maji lenyewe lilianza safari yake kama pambo? Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilipenda kwa ua lake la zambarau, wakalipanda kwenye madimbwi ya bustani, likatoroka. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakazi wa Homa Bay hawahitaji kusimuliwa lililofuata: gati kuzibwa, mitumbwi kukwama, mabomba kuziba. Nalitaja kwa sababu linawahusu wafugaji wa tangi kuliko mtu mwingine yeyote. Uduvi mwekundu wa duka anayeitwa Neocaridina davidi, wa asili ya Asia ya Mashariki, huzaa upesi na hustahimili mengi. Akifika kwako, asitoke. Asimwagwe mtaroni, asipewe mtoto akamchezee ufuoni.

Kwa maoni yangu, mtu wa ziwani hana haja naye. Ochonga anafugika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, wamemzalisha maabara kwa miaka mingi na kumtumia kupimia sumu ya maji, kwa kuwa huathirika mapema.

Je, wajua kwamba tangi linahitaji wiki nne hadi sita likiwa na maji, mchanga na mimea, bila uduvi hata mmoja? Katika muda huo bakteria huota. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Mbili za mwanzo huua. Ya tatu ni mbolea ya mimea. Kulianzisha, tupia punje chache za chakula cha samaki zioze. Ukiona kioo kimeanza kushika ukijani na mmea unatoa ncha mpya, uduvi sasa atakuta chakula.

Pampu ndogo ya hewa yenye sponji yatosha kuwa chujio. Sponji haifyonzi watoto, na yenyewe huwa malisho. Stima ikipotea mchana, mimea itatoa oksijeni ikiwa na mwanga. Usiku mambo hugeuka, kwani mimea nayo huvuta oksijeni, hivyo usijaze uduvi wengi: kumi au kumi na tano kwa kuanzia. Taa iwake kwa muda wa saa sita hadi nane kwa siku. Zaidi ya hapo unalisha mwani. Joto la ufuoni halikudai hita.

Kupata ochonga hai, ongea na wavuvi wa omena mapema kabla hawajashuka ziwani. Usiku yeye hupanda juu ya maji na mchana huzama chini, ndiyo sababu huja na nyavu za usiku. Chukua ndoo yenye kifuniko, maji ya palepale alipovuliwa na kitawi cha mmea wa kushikilia. Watakaofika wakiwa weupe kama maziwa hawatapona, watoe. Wengine watie maji ya tangi kidogokidogo kwa saa moja au mbili. Na panga kalenda yako: uvuvi wa omena upande wa Kenya kwa kawaida hufungwa tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, muda unaotosha kabisa kuandaa tangi.

Usiwaweke ochonga tangi moja na fulu. Fulu ni samaki wazuri, na baadhi ya aina zao, zilizoangamizwa ziwani baada ya mbuta (sangara) kuletwa miaka ya 1950, zimeendelea kuishi kwenye matangi ya bustani za wanyama za Marekani na Ulaya. Lakini samaki huyo akimwona mtoto wa uduvi humeza. Mbuta wachanga nao wamenenepea ochonga kwa miongo kadhaa.

Siku moja utaona ochonga amelala chali, mweupe, mtupu, na utadhani amekufa. Tazama vizuri: ni gamba. Limepasuka mgongoni, penye kiungo cha kichwa na kiwiliwili, na mwenyewe ametoka kwa mruko mmoja, akiwa na kila kidole na kila kipapasio. Kwa sasa ni laini, amejificha kwenye mmea. Usilitoe gamba hilo. Wataligawana na chokaa itarudi kazini.

Jike mwenye mayai huyabeba chini ya tumbo na kuyapepea kwa miguu ya kuogelea mchana na usiku, ili yasikose hewa wala yasiote ukungu. Ukimwona hivyo, usibadilishe maji mengi. Sehemu moja ya kumi kwa wiki inatosha, ya joto lilelile. Yale unayotoa yana nitrati, chakula cha mimea: chuja upate watoto waliofuata mkondo, kisha mimina shinani mwa sukuma wiki au mpapai, mbali na mtaro unaoelekea ziwani.